Macho ya Manjano

Mjukuu wangu Furaha,

Sisi wa Kasongo tu wazima, na babu yako anakusalimu. Unauliza kama umfiche daktari macho yako yaliyogeuka manjano, asije akakunyang'anya dawa iliyonyamazisha zile sauti za kichwani mwako.

Dada yangu alimeza dawa kama hiyo tulipokuwa wasichana kule Wamaza. Macho yake yalipogeuka manjano, shangazi alishangilia: «Wazimu iko inatoka mu macho! Mumuache tu!»

Nilimpakia dada kwenye baiskeli nimpeleke hospitali. Shangazi akanifokea: «Wewe ni munganga tangu lini?»

«Tangu leo, shangazi.»

Hospitalini waligundua kwamba dawa imemuumiza ini. Walimbadilishia, na sauti hazikurudi.

Nenda leo na vidonge vyako, daktari aamue. Ninataka ubaki na akili yako na ini lako pia.

Bibi yako