Shahidi Aliyemsalimia Mshtakiwa

Kitandililo, Makambako
8 Oktoba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi ni mzima, ila vumbi la huku limenikausha koo. Nakuandikia kwa sababu simu yako mpaka iwekwe sauti ya juu, na kitongoji kizima kinasikia. Barua nampa Dorosela, anashusha parachichi hapa kila gulio.

Mjini hakuna habari nyingine ila Mheshimiwa Justine. Tangu asomewe shtaka kule Njombe, kwamba alipokuwa mbunge aliuza msitu wa kijiji chetu, watu wa chama chake wanavaa fulana zenye sura yake na kusema anaonewa. Wale wa upinzani walipita na pikipiki wakipiga honi, utadhani hukumu imeshasomwa.

Nasikia umeitwa utoe ushahidi. Nenda, Baba. Wewe ndiye uliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, na ulimwona kwa macho yako amesimama pale malori yakipakia magogo.

Nilikuwa darasa la kwanza kijiji kizima tulipopanda ile miti ya misindano ya msitu huo. Ukungu ulikuwa mzito hata Mama alikuwa akiniita jina ili ajue nilipo. Justine alianzisha wimbo, akanifuta tope miguuni kwa majani. Nikikumbuka harufu ya ile miche, sauti yake inakuja pamoja nayo. Siwezi kuvitenganisha, na nimejaribu.

Mwanao,
Fidelia

Kijijini, njia ya Mdandu
22 Oktoba 2023

Mwanangu Fidelia,

Marahaba. Kifua ni kilekile, kinakohoa kikitaka. Barua yako imefika ikinuka parachichi.

Nitakwenda. Katibu wa chama cha Justine alikuja hapa kunywa chai. Akaniambia, "Mzee, umri wako unaruhusu kusahau. Sahau kidogo tu." Kesho yake wakaja wale wengine na kofia yao, wakitaka niivae siku ya kesi. Nimeivisha sanamu ya kufukuzia ndege kule shambani. Sasa hata ndege wanaulizana ni wa chama gani.

Mimi mawazo yangu yako kwingine. Mama yako alipokuwa na uchungu wako, mvua ilikuwa imekata barabara. Justine, kabla hajawa mbunge wala chochote, alimpeleka hospitali ya Ilembula kwa gari lake. Lilipokwama alivua koti la suti, akalitandaza chini ya tairi. Nililiona lile koti baadaye. Halikufaa tena hata kwa kudekia.

Nilichokiona kwenye malori nitakisema. Ila sijui nitamtazamaje usoni.

Ni mimi baba yako

Makambako
16 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulirudi salama. Nasimamia mtihani wa kidato cha nne, ndiyo maana sikufika Njombe. Sasa nasikia mambo yako kwa watu.

Ni kweli ulimsalimia? Mwalimu Anneth, mwenye fulana ya Justine, ametangaza ofisini: "Shahidi wa serikali mwenyewe kamwamkia! Nani anamsalimia mwizi? Basi hakuiba!" Mwalimu Denis wa upinzani akanigeukia: "Baba yako alikwenda kutoa ushahidi au kupeleka posa?" Wote wakacheka, Baba, hata wale ambao hawapatani kwa lolote. Denis anasema umehongwa.

Nilitoka nikasimama nyuma ya maabara. Umeeleza malori, umeeleza magogo, na hakuna hata mmoja anayeyataja. Wameshika salamu tu. Kwa nini ulifanya hivyo?

Fidelia, mwanao

Kijijini
10 Desemba 2023

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza shamba liishe. Halijaisha.

Kule mahakamani walinipandisha kizimbani, na yeye amekaa pale mbele yangu, amekonda. Wakili akasema nieleze habari za mtu huyu. Sasa mimi naanzaje kumsema mtu aliyeko mbele yangu kabla sijamjulia hali? Tangu utoto wangu sijaona hilo likifanyika. Nikamwambia, "Kamwene, Mheshimiwa." Akasimama akajibu, "Kamwene, mzee." Watu wakapiga kelele, hakimu akanionya nijibu ninachoulizwa. Basi nikajibu. Nilisema alikuwa amesimama pale, na kwamba ndiye aliyewaamuru wapakie. Aliinamisha kichwa.

Jumamosi iliyopita niliita mgowe, majirani waje tusaidiane kupanda mahindi. Nilipika makande sufuria lile kubwa la marehemu Mama yako, na togwa nikakoroga. Unakumbuka zamani, watu walivyokuwa wakijaa mpaka majembe yanagongana? Watu wa Justine hawakuja kwa sababu nilitoa ushahidi. Wa upinzani hawakuja kwa sababu nilimsalimia. Nikaanza mwenyewe.

Jua lilipopanda alikuja Oktavia, mke wa Justine, na jembe lake begani. Nilidhani amekuja kunitukana. Akachukua mstari wa pembeni, akalima. Tulipopumzika akasema, "Baba Fidelia, nilikwenda kumwona rumande. Ameniambia siku ile ukumbi ulijaa wenye kumshangilia na wenye kumzomea, na aliyemjulia hali ni wewe peke yako."

Nikamuuliza kama anataka nibadilishe maneno yangu. Akasema, "Lori nililiona na mimi." Akanywa togwa, akaendelea kulima.

Baba yako

Makambako
17 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo. Mwezi uliopita nilimwona Mama Oktavia sokoni hapa, akichagua nyanya, watu wamemwachia nafasi kama mgonjwa wa kuambukiza. Mimi niliingia duka la mbolea nikajifanya nauliza bei mpaka apite. Nilijiambia niko upande wa haki.

Shule imefungwa. Nakuja na basi la kesho asubuhi; barua hii Dorosela atakufikishia leo jioni. Nitashukia kwao kwanza, nimwamkie mlangoni. Asipoitikia, nitakuwa nimemwamkia. Akiitikia, nitamwomba twende wote tukaimalize ile mistari.

Usipike makande mengi. Tutakuwa watatu, au wawili.

Mwanao,
Fidelia