Tiki Tatu za Mejumaa

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika lakini jua halikutoka kutwa. Nimeketi na raba mkononi, na kilichoniketisha hapa nilikifanya mwenyewe.

Mume wangu, Mwalimu Bakari, Mungu amrehemu, aliwafundisha watoto wa shule yetu hapa Timbwani kuruka kasha la mbao la mazoezi ya viungo. Alikuwa na daftari lenye jina la kila mtoto. Mtoto alianza kwa kujifunza kutua tu, kutoka juu ya benchi, magoti yakunjike kidogo, kisha asimame tuli. Akipatia, alipigiwa tiki moja kwa penseli. Tiki kumi, ndipo apande hatua nyingine: kasha fupi, kasha refu, na mwisho kupinduka juu yake kwa mikono. Tisa hazikutosha. Watoto walinuna, naye akitabasamu tu, akichonga penseli kwa kisu changu cha jikoni.

Alipofariki, Mejumaa wa darasa la sita alikuwa na tiki saba za kupinduka.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi sikuuona uwanja wa shule. Nilipotoka, Mwalimu Kazungu, aliyeshika nafasi yake, alikuja kuliomba daftari kwa ajili ya mashindano. Nikamwambia arudi kesho. Nilipolifungua, nikaona zile tiki zilivyokatikia njiani. Nikachukua penseli ya marehemu, nikaongeza tatu.

Nilitaka kazi yake ya mwisho ionekane. Mtoto sikumfikiria.

Leo tulivuka feri, kisha tukapanda gari hadi Changamwe kwenye mashindano. Waamuzi walieleza: mruko wa kupitisha miguu iliyokunjwa katikati ya mikono huanzia alama nane, wa kupinduka huanzia tisa na nusu. Hapo hukatwa kwa kila kosa: viwiko kukunjika, kuyumba, kupiga hatua baada ya kutua. Bila mruko mkubwa, kombe tulisahau.

"Wa ng'ambo ya feri hao!" wasichana wa shule nyingine wakacheka. "Watatua kama magunia ya nazi!"

"Ngojeni mlie," Mejumaa akawajibu.

Kwenye majaribio alikimbia, akakanyaga ubao wa kurukia, viganja vikafika juu ya kasha, viwiko vikalegea. Mwalimu Kazungu alimdaka kiunoni, kichwa kimebakisha shibiri moja kugonga mbao. Mtoto akainuka anacheka. "Hapo nilikuwa napasha mwili moto tu, mwalimu." Mwalimu akafungua daftari, akatazama, akakubali. Kumi zilikuwepo.

Alimwamini marehemu.

Mejumaa alikuwa wa nne kuitwa. Wa kwanza akaruka. Wa pili akaruka. Nami nimekaa, wallahi, nimekaa nawaza aibu yangu. Wa tatu alipoanza kukimbia, nikasimama.

"Mwalimu, zile tiki tatu za mwisho nilizipiga mimi."

"Wewe vipi, mama?"

"Marehemu aliacha saba. Usimruhusu."

Alikwenda akamnong'oneza Mejumaa, na mtoto akanigeukia kwa jicho ambalo sitalisahau. Kisha akaruka ule mruko wa alama nane. Akatua, magoti yakakunjika kidogo, akasimama tuli, kama alivyofundishwa. Saba nukta nane. Nafasi ya nne.

Hakuna kombe la nafasi ya nne.

Mwalimu Kazungu alinitia daftari mkononi. "Kasahihishe mwenyewe, mama," akasema, bila kunitazama.

Mejumaa alijitenga nami njia nzima. Tuliposhuka feri na kufika kwenye kichochoro cha kwao, ndipo akasimama.

"Bi Saumu, mimi nilikuwa nazihesabu. Nilijua ni saba."

"Mbona ulinyamaza, mwanangu?"

"Nilipoona kumi, nilidhani mwalimu alinizawadia kabla hajafa."

Akaingia ndani.

Zile tiki tatu nimezifuta kwa raba, moja moja. Nikiielekeza karatasi dirishani, alama zake bado zinaonekana. Ziache zionekane.

Jumatatu nitamrudishia Mwalimu Kazungu daftari, na penseli nitampa vilevile, ingawa nilikusudia nisiitoe kamwe. Nitamwomba Mejumaa radhi mbele ya wenzake. Akikubali kurudi kwenye kasha, ya nane aipige mwalimu wake.