Uzi wa Buluu Ndani ya Kikapu

Gitega, Jumamosi jioni

Naandika haraka haraka kwa furaha, mwandiko wenyewe unasema.

Mama amekuja leo kutoka Giteranyi kuona kazi yangu kabla ya maonyesho ya Jumatatu. Vikapu alivyosuka nilikuwa nimevitundika midomo ikiangalia ukuta, ili urembo wa nje uonekane, na juu yavyo namulika kwa projekta video ya mikono yake ikisuka. Nilingoja anisifu. Akaguna! Nilikasirika kidogo, kusema kweli.

"Mbona umeficha ndani, mwanangu?" Akatungua kimoja, akakigeuza. "Nje ni kwa wanunuzi. Tazama huku."

Ndani, kila mzunguko umefungwa kwa uzi wa buluu. Plastiki! Kumbe ni nyuzi za magunia ya chakula cha msaada, alizokuwa akifumua tulipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Hata vikapu vya mwaka jana vinazo. Tuliporudi nchini alibeba furushi zima la nyuzi hizo.

"Lakini hapa nyumbani nyuzi zipo, Mama."

"Zipo. Ila kule ndiko nilikokuzaa."

Nimevigeuza vyote. Sasa video inazama ndani ya vikapu na ile buluu inang'aa... Sijawahi kuona kitu kizuri hivi kikitoka mikononi mwangu. Mikononi mwetu.

Yale maelezo niliyokuwa nimeyabandika ukutani, eti "urithi safi wa mababu", nimeyachana. Naogopa, maana hapa watu wakituita Watanzania, sisi tuliorudi kutoka kambini, huwa nanyamaza. Mapya yanaanza hivi: Nilizaliwa kambini.