Nimemfundisha Mwanangu Kuniita Dada

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuandikia begi likiwa limefungwa nusu na mtoto amelala kwenye nusu iliyobaki, kwa hiyo ukiona maneno yanakimbizana nivumilie, furaha na hofu zimenijia siku moja na sijui nimkaribishe nani kwanza.

Mimi nina mtoto mmoja, binti wa miaka minne ambaye hapa nyumbani tunamwita Kijiko kwa sababu hataki kula kitu kwa mkono. Namlea na mama yangu, baba yake ana nyumba yake nyingine siku hizi na hilo halininyimi usingizi tena. Nahudumu kwenye kantini ya chuo, tangu chai ya asubuhi mpaka sufuria ya mwisho jioni, na huko bakshishi ni hadithi tu, mwanafunzi akishiba sana anakwambia, "Dada, Mungu akuzidishie," anajifuta mdomo, anaondoka.

Sasa binti wa mama mdogo, ambaye yuko mji wa watalii mwaka wa pili huu, akanipigia akasema mgahawa wao unatafuta wahudumu kabla msimu haujaanza, njoo ujaribiwe, nikaaga kantini kwamba naumwa jino, nikaenda, na mshauri, sijui nikueleze vipi. Mgahawa uko ghorofani, una roshani inayotazama mtaa wa mawe usiopitiwa na magari, meza zina vitambaa vyeupe, na watu wanakula polepole kama wamelipwa kula. Nikafungwa aproni, nikapewa meza za karibu na mlango wa jikoni, zile ambazo wazoefu hawazitaki kwa sababu ya joto na makelele, nikazihudumia huku moyo unadunda kama wa bibi harusi. Kwenye meza moja kulikuwa na familia ya wageni, mtoto wao analia mpaka meza za jirani zinageuka, mama yake kachoka ule uchovu ninaoujua mimi, basi nikachukua kitambaa cha karatasi nikakikunja kikawa panya, nikampitisha panya kwenye ukingo wa sahani, mtoto akanyamaza, kisha akala. Walipoondoka, binti wa mama mdogo alichungulia bakshishi waliyoacha akasema, "Ndugu yangu, wewe umekuja kutuharibia soko."

Mkuu wa wahudumu, baba mmoja wa sauti ya chini na viatu vinavyong'aa, akaniita pembeni.

"Hiyo ya panya umejifunzia wapi? Una mtoto?"

Mshauri, uongo ulitoka wenyewe, hata sikuutafuta. Nikasema, "Hapana, nina mdogo wangu wa kike, ndiye namlea."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. "Huyo mlete, chumba cha wahudumu kina nafasi. Mdogo wako akiugua unamrudisha kwa mama yenu. Mtoto wako akiugua anakurudisha wewe, na mimi msimu uliopita mama wawili wahudumu waliniacha meza zimejaa."

Nikapata kazi. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Nimenunua viatu vyeusi visivyoteleza, nafanya mazoezi ya kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, mama akinisemesha namjibu kwa maneno ya kupokea wageni, karibuni sana, tafadhali, mngependelea kukaa ndani au nje, mpaka mama anasema, "Mimi napenda kukaa kimya." Lakini sikutaka Kijiko aje aniumbue mbele ya mkuu, basi nikaufanya mchezo, kila akiniita dada anapata biskuti, akiniita mama anakosa. Siku za kwanza alikuwa anasahau, anajiziba mdomo, tunacheka wote. Nikajiambia ni msimu mmoja tu, wakishanizoea nitasema ukweli, nani anamfukuza mtu ambaye wageni wanamuulizia?

Ila juzi ameanguka uani akachubuka goti. Nilikuwa pale pale kwenye kamba ya nguo, nimetupa nguo chini nimefungua mikono. Akanipita. Akakimbia mpaka kwa mama yangu, akamkumbatia miguu, akalia, "Mama, mama, nimeumia." Kichwani mwake hesabu imekaa sawa, kama mimi ni dada, basi bibi ndiye mama.

Mama yangu alimpangusa goti kwanza. Halafu akaniambia, "Mwanangu, mimi nilizaa, nikamaliza. Usinizalishe uzeeni." Nikamwambia ni mchezo tu, akasema, "Ukitaka niachie mjukuu, nitamlea. Ukitaka nenda na mwanao. Hii ya katikati mimi siijui, na usinitie ndani."

Ndiyo naomba unisaidie, maana Jumapili natakiwa niwe kule. Nimuache Kijiko, au niende naye hivyo hivyo kama mdogo wangu msimu mmoja tu, au nirudi kantini nikatulie? Nikifikiria ile roshani natamani nilale na viatu. Nikifikiria lile goti natamani nivitupe. Nisaidie, ila usiniambie nisiende bila kunieleza kwa nini.

Mwenye begi nusu

*

Marahaba, mama Kijiko. Nimekuita mama makusudi, na nitalirudia mpaka likuingie.

Viatu usitupe. Hongera kwa kazi, tena hongera ya moyoni, maana meza za mlango wa jikoni zimewatoa machozi wengi na wewe umezigeuza neema. Sitakwambia usiende. Mtu mwenye mikono kama yako akirudi kusubiri dua za wanafunzi walioshiba, mimi ndiye nitakuwa nimekukosea.

Lakini hilo la biskuti, binti yangu, ni aibu. Umemlipa mtoto akusahau, naye kwa kuwa ana akili amefanya kazi yake vizuri kuliko ulivyotaka. Unasema msimu mmoja. Msimu kwa mtoto wa miaka minne ni mrefu, na chumba cha wahudumu hakina pembe ambayo utamwambia kwa siri kwamba sasa hivi mimi ni mama. Akipata homa atamlilia nani humo? Na akikulilia wewe kwa jina lako la kweli, utamziba mdomo?

Nakuona pia ulivyojipunja. Mkuu alikuuliza umejifunzia wapi, ukamficha kitu kilekile alichokuwa anakinunua. Wageni wanaokuja na watoto ni nusu ya roshani yake. Na yule mama pale mezani ulimwona kwa sababu uchovu wake ni wako.

Mpigie mkuu leo, kwa sauti, usimtumie ujumbe. Mwambie yule ni mwanao, uliogopa ukakosea. Usilie. Kisha umjibu swali lake, maana lile swali lake ni la haki, mtu kaachwa na meza zimejaa. Mweleze kwamba mtoto akiugua kuna wa kushika zamu yako. Unaye binti wa mama mdogo hapo hapo, kaeni muahidiane kupokezana, wewe umshikie zake na yeye akushikie zako, na mkimpelekea mkuu ahadi hiyo mkiwa wawili ataisikia. Uombe zamu ya asubuhi. Najua bakshishi ya chai ni nyembamba na ile nono inakuja na taa za jioni, ila asubuhi ikiisha unatoka na jua lako mkononi, na zamu za jioni zitakuja mtoto akishazoea mtaa. Chumba cha wahudumu usimlaze. Tafuta chako, hata kiwe kidogo cha kugeuka kwa zamu, na kodi ikae ndani ya mshahara peke yake. Bakshishi ni mvua, ikinyesha kinga, isiponyesha usiilaani.

Je, akikataa? Basi amekataa yeye, mji haujakataa. Msimu unaanza, kila ngazi ya mtaa ule ina mtu anayetafuta mhudumu, na safari hii utajibu maswali ukiwa umesimama wima.

Jumapili utangulie peke yako. Kijiko abaki na bibi yake kama mjukuu, mpaka upate chumba na shule ya chekechea ya kutembea kwa miguu, halafu urudi umchukue. Usimtoroke akiwa usingizini, wanaofanya hivyo wanamfundisha mtoto kuogopa kulala. Muage akiwa macho, alie, nawe ulie kama yamekufika, kisha uondoke. Na mama yako mshukuru, kwa sababu amekukemea mapema.

Ila kabla ya simu na kabla ya kumalizia begi, mkalishe mtoto. Mwambie mchezo umekwisha, aliyekosea ni mkubwa, na wewe ni mama yake hapa na popote utakapokwenda. Biskuti zilizobaki mpe zote, bila masharti. Asipokuita mama leo usimlazimishe, endelea kumwogesha na kumlisha. Atasahau na kukuita dada, utamrekebisha kwa upole. Kisha siku moja utakuwa na mikono imejaa povu, ataita mama kwa sababu ndogo tu, labda anataka maji. Uitike mara ya kwanza. Asiite mara ya pili.