Nadhiri za Fabiani Sebuleni Kwetu

Jumapili, 6 Julai 2025
Imefika! Padre mmoja aliyekuja likizo kaniletea baada ya misa ya pili. Kompyuta! Fabiani kaituma kutoka Ureno. Nimeibeba kifuani mpaka nyumbani Chanji kama mtoto wa kubatizwa. Jumamosi hii, saa sita mchana ya kwetu, mwanangu anaweka nadhiri za daima kule utawani, nasi tutamwona hapa hapa sebuleni. Tena si kumwona tu! Mkuu wa shirika lao amekubali tufanye kama tunavyofanya kwetu — baba anasimama mbele ya watu na kusema, "Huyu ni mtoto wangu, namtoa mwenyewe kwa hiari yangu." Baba. Siyo mama.

Na baba ndiye huyu Alois wangu. Miaka yote hataki kusikia. Fabiani ni mtoto wake wa kiume wa pekee, na nadhiri za daima maana yake hakuna mke, hakuna wajukuu. Nimemwambia leo wakati wa chakula. Kasema Jumamosi yeye yuko shambani, anapiga ulezi. Kichwa kigumu!

Kompyuta nimeiweka mezani, nimeifunika kitambaa changu cha kufuma. Imependeza.

Jumatatu, 7 Julai
Loo! Naiwasha, inanguruma, inapata moto, halafu — kimya. Naiwasha tena, inazima tena. Nusura nilie.

Nikampigia Adolfu, fundi wa kompyuta wa pale stendi. Kaja na pikipiki yake. Shikamoo mama, marahaba, kafunua kitambaa, kacheka mpaka kakohoa. Eti kitu hiki kinapumua, kina feni ndani. Ukikifunika kikiwa kinafanya kazi, unakikaba koo. Kisiwekwe kitandani wala kwenye mto. Mezani, wazi, vumbi lifutwe. Nimeona haya! Mwalimu mstaafu mzima! Lakini redio yangu niliifunika miaka na miaka, haikulalamika.

Jioni nikampata Fabiani. Uso mzima! Kanenepa! "Mama, rudi nyuma kidogo, naona paji la uso tu." Tumecheka jamani. Kisha akauliza, baba yupo? Alikuwepo — kajibanza nyuma ya mlango wa jikoni, kaweka kidole mdomoni ninyamaze. Nikasema katoka. Mungu anisamehe. Mtoto akasema nadhiri ataweka tu, ila anataka baba amtoe kwa mdomo wake. Hataki kuwa kama aliyetoroka nyumbani.

Jumatano, 9 Julai
Imezima tena!!! Ya moto, haishikiki. Usiku niliiacha mezani inachaji, sikuizima. Asubuhi naikuta imefunikwa gubigubi. Na nini? Blanketi la Mzee! Lile zito la kijivu, tena kalikunja mara mbili!

Nikamwita kwa sauti ya darasani. Kaja taratibu. "Baridi yote hii," kasema, "kitu cha mtoto kitaharibika." Na yeye mwenyewe kalala na koti! Nilitaka kugomba, nikaacha. Nikamweleza habari ya feni. Akaisubiri ipoe, nikaiwasha, akaweka kiganja pembeni, akausikia upepo unatoka. "Kumbe," kasema, basi, kashika njia yake.

Habari ya Jumamosi sikumwuliza.

Ijumaa, 11 Julai
Siku ya mazoezi ya shughuli ya kesho, na kompyuta nayo ina yake. Imeandika inajisasisha, usizime, asilimia nne. Asilimia nne mpaka chai ikapoa! Rozina, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kashauri tuipige kofi, eti televisheni yake husikia. Adolfu kaikinga kwa mikono miwili. Iacheni imalize yenyewe, mambo haya hufanywa siku moja kabla, siyo saa ya shughuli. Ikamaliza! Nimeruka!

Intaneti itatoka kwenye simu ya Adolfu. Neno la siri kanipa mimi na Rozina. Pombe ya ulezi imeiva, jumuiya yote inakuja. Mzee yuko uani anachagua fimbo za kupigia ulezi. Haya. Nitasema mimi, wakikataa wakatae.

Jumamosi, 12 Julai
Naandika hapa hapa sebuleni, la sivyo nitapasuka.

Watu wamejaa mpaka dirishani. Picha ilikuja safi — kanisa lao, maua, mwanangu kavaa kanzu nyeupe! Vigelegele! Mkuu wao akasema maneno, Fabiani akatutafsiria: mzazi asimame. Nikasimama mimi. Mara mlango ukafunguka.

Mzee! Makapi ya ulezi kichwani, suruali imekunjwa, jasho linamtiririka. Kapita katikati ya watu, hakusalimia mtu. Kanigusa bega, nikakaa.

Akasema. Alois akasema! Fabiani alivyozaliwa wakati wa mvua kubwa, alivyokuwa akichunga ng'ombe huku anaimba misa. Watu machozi. Na Fabiani kule anatuonyesha sikio, anatikisa kichwa. Adolfu kachungulia: "Samahani mzee, kipaza sauti kimezimwa. Hawajasikia kitu." Mama yangu! Nikajua sasa anatoka, na mlango ataubamiza. Hakutoka. Kakohoa, kaanza upya toka mwanzo, sauti juu zaidi. Mvua, ng'ombe, yote. Mpaka akafika: "Huyu ni mtoto wangu. Namtoa—"

Picha ikaganda. Bando limekwisha! Kumbe Rozina, kwa ukarimu wake, kamgawia neno la siri kila mwenye simu, nao wamekaa humu wanarushiana video! Adolfu anabonyeza simu aongeze bando, mtandao unamrudisha mwanzo. Rozina kamletea Mzee kiti na kikombe cha pombe. Vyote kavikataa. Amesimama palepale mbele ya kompyuta, anamtazama Fabiani aliyeganda mdomo wazi.

"Baba Fabi, kaa kidogo basi," nimemwambia.

"Sijamaliza," kasema.