Tangi la Pikapu ya Baba

Karakana, Shauri Moyo,
Jumatatu jioni.

Kwako kaka Mutisya,

Salamu nyingi zikufikie huko Voi. Natumaini u mzima na vumbi la huko halikisumbui kile kifua chako. Sisi huku tunashukuru Mungu, ila goti la Mama linamuuma kila mvua ikinyesha, na Baba amezidi ukali tangu daktari amkataze sukari kwenye chai. Najua simu zetu hushiki. Ndiyo maana barua hii nimempa Mahmud wa malori, na nimemwapisha akupe mkononi. Tafadhali usiichane kabla ya kufika mwisho.

Habari kubwa ni ile pikapu. Tangu uondoke miaka miwili iliyopita imesimama uani nyumbani Mowlem, kuku wa Mama wakitagia nyuma. Mwezi uliopita Baba aliniita akasema amechoka kumsubiri mtoto asiyerudi, na kwamba pikapu ataiandikisha kwa jina langu. Kazi yangu ni kuitengeneza tu, iweze kufika Tala bila kuzima. Akaongeza mbele ya Mama kwamba heri mtoto mmoja mwaminifu kuliko wawili. Kaka, nilisema asante huku natamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi nikaivuta hadi karakana, na Baba akaja nayo. Kila asubuhi ananitangulia, anakalia debe lililopinduliwa, miwani ya ukarani puani, ananiangalia mikono. Unamjua, miaka thelathini ya kukagua mafaili haijamtoka. Hata nikienda msalani nikirudi ananiuliza nilikuwa wapi.

Ugonjwa ni ule ule unaoujua. Asubuhi inawaka vizuri. Ikitembea dakika ishirini inaanza kukohoa, inakosa nguvu, inazima. Ukiiacha nusu saa inawaka tena kana kwamba haijafanya kosa. Nikabadilisha filta, nikatoa hewa. Nikabadilisha mipira ya dizeli, nikidai pengine mmoja unavuta hewa. Nozeli zote nne nikazipeleka kupimwa, zikarudi hazina neno. Nikaisingizia pampu. Wiki tatu nzima nimelizunguka gari hilo nikigusa kila kitu isipokuwa tangi.

Alhamisi jirani yangu Hanif, fundi wa pampu, alichoka kunitazama. Akaniambia, "We Kyule, hiyo pampu iko fiti, wacha kuisumbua bure." Akachukua mtungi mdogo wa dizeli safi, akaufunga kando ya injini, akaunganisha mpira moja kwa moja hadi kwenye pampu. Tukaiendesha mpaka Komarock na kurudi, Baba amekaa katikati yetu, na haikukohoa hata mara moja. Baba akapiga paja. Akasema kumbe kosa limo tangini, yale maji ya Mutisya bado yamo, na nishushe tangi mara moja. Nikamwambia boliti zimeshikwa na kutu. Boliti zenyewe nilizipaka grisi kwa mkono wangu, zinafunguka bila shida.

Sasa nisikilize, kaka. Tangi lilipogonga jiwe likapasuka kwenye mshono, mwezi mmoja kabla ya posa yako, Baba alinituma nilichomelee. Unamkumbuka yule fundi wa hapa kwetu aliyeungua uso akichomelea tangi lisilooshwa vizuri. Nilishika mashine, kisha nikaiweka chini. Nikafanya kile tunachofanya wote gari likivuja njiani: nikasugua sabuni ya mche kwenye ufa. Lakini hiyo ni dawa ya kukufikisha nyumbani tu, kila fundi anajua. Mimi nikaifanya ya kudumu. Nilirarua kitambaa kwenye ovaroli yangu ya kijani, nikakipaka sabuni, nikakisokomeza ufani, juu nikaweka puti na rangi nyeusi. Nikamwambia Baba nimechomelea. Alipitisha kidole akanisifu kwa kazi safi.

Kitambaa hicho kiliingia ndani. Dizeli ikivutwa kinakuja kuziba mdomo wa bomba. Injini ikizima kinaachia na kuzama. Na sabuni ikikutana na maji kidogo yanayokusanyika tangini, inakuwa ule ute mweupe. Siku tulipopeleka mbuzi watatu wa ntheo kumposa Nthoki wako kwao Tala, gari lilizima mara nne kabla ya kufika Joska. Baba alifungua filta kando ya barabara, akaona ute, akasema umeuza dizeli yake na kujazia maji. Tulifika jua limezama na wazee wa ukweni wamekasirika, na Baba, ili kujitoa aibu, akakuita mwizi mbele ya baba yake Nthoki. Mimi nilikuwa bado nimeshika ile filta tuliyoibadilisha njiani. Ilininukia sabuni. Nikanyamaza.

Siku ile nilinyamaza kwa hofu. Kesho yake nilinyamaza kwa sababu jana nilikuwa nimenyamaza, na wewe ukaondoka.

Jana Baba akiwa kanisani nilikwenda nikakitoe kitambaa, niseme ni kutu tu. Nililala chini ya gari na spana mkononi, nikaona nitabaki humo chini maisha yangu yote. Nikatoka, nikampigia Nthoki. Bado yuko Tala, hajaolewa. Nilimweleza yote. Aliniuliza jambo moja tu, nimejua tangu lini. Nikamjibu tangu siku ile ile. Akakata simu. Leo asubuhi baba yake amenipigia kusema Jumamosi watakuja Mowlem, yeye na wale wale wazee. Kwa hiyo sina tena pa kutokea. Mlango nimeufunga mwenyewe.

Pikapu nitaifikisha nyumbani kwa ule mtungi wa Hanif. Tangi litashushwa saa nne, mbele ya watu. Baba nimemwambia wakwe watakuwepo, naye anadhani nimewaita waje wayaone maji yako. Amefurahi mno. Amepeleka suti kupigwa pasi. Na ile ovaroli ya kijani alininunulia yeye.

Njoo, kaka. Sikuombi unisamehe. Naomba tu boliti ya mwisho uifungue wewe. Usipokuja nitaifungua mimi, na kile kitambaa nitakiinua juu kila mtu akione, Baba akiwa wa kwanza.

Mama anakusalimu. Hajui lolote, lakini aliposikia nakuandikia alileta mfuko wa ndengu nimpe Mahmud, na amekataa kuambiwa kwamba Voi pia ndengu zipo. Wasalimie wote wanaokutendea wema huko.

Ni mimi mdogo wako niliyekunyamazia,

Kyule