Usije Ijumaa ya Tarehe Kumi na Saba

Ghorofa ya Tatu,
Rione Sanità,
Napoli.
3 Mei 2026

Mpendwa Shangazi Carmela,

Hujambo wewe, na wote wa huko Melbourne hawajambo? Luca amepona mguu tangu alipoanguka na baiskeli? Huku tunaendelea. Mama amepata nafuu ya mgongo, nami nimemaliza mtihani wa Kilatini bila kulia.

Ulinipa kazi ya kuwapangia likizo, nami nimeifanya kwa moyo wote. Daftari limejaa siku kumi: pizza ya kukaanga pale kona, Pompei asubuhi kabla jua halijawa kali, Procida kwa meli, na Ester nitampeleka mtaa wa wachonga sanamu za Noeli. Nilikuwa na furaha mpaka Baba aliposoma tarehe ya tiketi zenu.

Kuna jambo Baba alinikataza kukuandikia, eti litawaharibia likizo. Naliandika hata hivyo.

Bibi anasahau, Shangazi. Wala si miwani tu. Kila siku saa saba mchana anateremsha kapu kwa kamba kutoka kwenye roshani, na ndani yake mkate wa soseji ya mortadela uliofungwa kwa leso. Ni chakula chako cha kutoka shule. Bwana Sasà, muuza mboga wa chini, huuchukua, akaweka ndimu moja, akapaza sauti: "Vuta, Donna Titina, mtoto ameshakula!" Ndipo anavuta. Lakini mwezi uliopita alitazama picha yako ya mwaka jana akaniuliza yule mama mnene ni nani. Unisamehe, ndivyo alivyosema.

Naogopa kwamba utapanda ngazi na mizigo yako, naye atafungua mlango akuambie, "Karibu, mama, unamtafuta nani?" Nimeuota mlango huo mara mbili.

Sasa hizo tiketi. Ijumaa, tarehe kumi na saba Julai! Mama alijifanyia ishara ya msalaba. Mimi nilishika ile pembe nyekundu ya kufukuza nuksi iliyo kwenye funguo zangu. Labda huko kwenu nuksi ya siku hiyo haijulikani. Bibi, aliyekuwa akimenya maharage, aligonga meza.

"Nani amekata tiketi hiyo?"

"Carmela, Mama," Baba akajibu.

"Melina? Kichwa kigumu yule! Tangu mdogo haambiliki. Mwambieni akija siku hiyo mlango sifungui!"

"Basi aje lini?"

"Aje kabla ya sikukuu ya Karmeli, tarehe kumi na sita! Siku ya jina lake nimkaangie nani, paka?"

Melina, jina lako la utotoni. Hakuwa amelitamka tangu Noeli. Baba alikwenda jikoni, akafungua bomba, akayaacha maji yatiririke.

Najua mambo ya nuksi unayacheka. Hata mwalimu wetu wa sayansi anasema kumi na saba ni namba tu. Lakini Bibi amesahau mengi, na hiyo hajaisahau. Tangu siku ile, kila asubuhi namuuliza Melina anakuja lini. Siku nne amenijibu, "Kabla ya Karmeli." Jana alinyamaza.

Nakuomba, badilisha tiketi. Fikeni tarehe kumi na tano, wakati mwenyewe anakungoja. Ukiweza kuja mapema zaidi, njoo. Pompei haiondoki.

Siku ya kwanza nimeifuta daftarini, nikaiandika upya. Usipige kengele. Simama chini ya roshani saa saba, pale ulipokuwa ukisimama na mkoba wa shule, ungoje kapu. Likishuka, usimwachie Bwana Sasà. Chukua mkate wako, ule, kisha umwite Bibi.

Nisalimie Luca na Ester, na baba yao pia. Mama na Baba wanakusalimu, ingawa Baba hajui nimeandika nini. Bikira wa Karmeli awashike mkono mpaka mlangoni kwetu.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na kukungoja kwa hofu,
Filomena

N.B. Nimemuuliza tena sasa hivi. Hakutaja siku. Amesema, "Mortadela tupu. Melina hali jibini." Ni kweli, Shangazi?